Nyumba Niliyoipikia Pombe

Mume wangu alikuwa msimamizi wa barabara, na mtu wa barabara hana nyumba. Hilo hakuna aliyeniambia kabla ya harusi. Tulifunga ndoa parokiani kwetu Kate, mimi mtoto wa wakulima wa ulezi na mahindi, yeye mtumishi wa serikali kutoka Mbeya aliyeletwa kusimamia matengenezo ya barabara ya kwenda Kipili. Baada ya harusi alinipangishia chumba Sumbawanga mjini, akaniwekea kitanda, meza na jiko la mafuta ya taa, kisha akarudi kulala kwenye hema huko greda lilikofika. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi na vumbi masikioni na furushi la nguo za kufua. Mama yangu alinitania kwamba nimeolewa na barabara, na yule kijana ni mjumbe wake tu.

Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa pili sikucheka, kwa sababu hatukuwa na mtoto, na watu wa nyumbani hilo hukuhesabia hata kama hujawaomba. Kila nilipokwenda Kate mashangazi walinitazama tumbo kabla hawajaniitikia shikamoo. Nilitamani kuwauliza wao waliwezaje kuzaa na furushi la nguo chafu. Niliomba kuhamia kambini, lakini wake za wafanyakazi hawakuruhusiwa kulala kwenye mahema, na mwenye hema alikuwa ni serikali. Kambi yenyewe ilikuwa inahama kila barabara inaposogea, hivyo hapakuwa na maana ya kujenga hata kibanda. Hapo ndipo tulipokuwa tumekwama, mpaka siku aliponiambia habari za karavani.

Ilikuwa imeachwa na wapima ardhi wa kigeni, waliopita kabla mkoa wetu haujawa mkoa. Walipiga kambi bondeni, mwendo mfupi kutoka barabarani, na walipoondoka waliiacha nyumba yao ya kukokotwa kwa sababu ekseli yake ilikuwa imekatika. Watu wa Kate waliiita yai la wazungu. Kweli ilikuwa ya mviringo na nyeupe, au iliwahi kuwa nyeupe. Bosi wa mume wangu alisema ni takataka, anayeitaka aichukue, mradi bonde libaki safi.

Tulikwenda kuitazama masika yakiwa yanaisha. Ilikuwa imezama matopeni hadi mlangoni. Paa lilikuwa na tundu kubwa mahali mti ulipoliangukia, madirisha ya plastiki yamepasuka, na ndani panya walikuwa wametafuna magodoro yote wakajitengenezea makao. Ilinuka mkojo wao. Lakini kulikuwa na meza ya kukunja, kabati dogo la vyombo, sehemu ya kitanda cha watu wawili, na kijidirisha juu ya sehemu ya kupikia. Niliingia, nikasimama kwenye matope yaliyojaa sakafuni, nikainama kuchungulia nje kupitia kijidirisha, nikaona mlima na mashamba ya ulezi. Nikajiona napika.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniwekea mkono begani akasema, "Ukiweza kuitengeneza ikakalika, itakuwa nyumba yetu. Kambi ikihama, tunahama nayo. Hutalala peke yako tena."

Nayakumbuka maneno hayo vizuri kuliko yale ya padri.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuitoa bondeni. Greda lisingeweza kushuka kule bila kuzama, na fremu ya chini ilikuwa imeliwa na kutu, kwa hiyo ungeivuta kwa mnyororo ingebaki fremu mkononi na nyumba matopeni. Ilibidi ibebwe na watu. Mume wangu ndiye aliyesema, "Pika pombe, uwaite ndugu zako." Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaza hilo, nikafurahi kwamba tumewaza pamoja.

Kwetu pombe ya kazi ina mwenyewe. Mama akipika pombe na kuwaita watu wamlimie, shamba lile limelimwa na yeye, hata kama siku hiyo hakushika jembe. Ukimuuliza mzee aliyekuwa katika kazi ile alikuwa kwa nani, hatamtaja baba mwenye nyumba. Atamtaja aliyepika. Na pombe ya ulezi haipikwi kwa siku moja. Nilirudi kwa mama, akanifungulia ghala lake, nikaloweka ulezi, nikauacha uote kimea, nikauanika, nikausaga juu ya jiwe mpaka magoti yakachubuka, nikachemsha, nikasubiri. Mama hakunitania wakati huo. Alikuwa anaongeza kuni kimyakimya, kwa sababu alijua ninapika nini hasa.

Walikuja wanaume wengi, wakiongozwa na mjomba wangu, kaka yake mama, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walipitisha magogo chini ya karavani, wakaimba, wakainua. Matope yaliiachia kwa mlio mmoja wa kunyonya, na yai la wazungu likapanda kilima juu ya mabega ya watu. Kumbe lilikuwa jepesi kuliko tulivyodhani. Waliliweka juu ya mawe pembeni mwa kambi, wakakaa chini wakanywa mpaka jua likainama. Mume wangu alikunywa nao. Alinyanyua kibuyu akamshukuru mjomba kwa Kifipa kibovu, watu wakacheka, nami nikaona nimeolewa vizuri.

Nilikiacha chumba cha mjini nikahamia kwa mama, na kila asubuhi nilitembea hadi kambini. Kambini alikuwepo fundi wa magari, mtu wa Kipili, ambaye zamani aliwahi kuziba mashua ya wamisheni ziwani. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ukuta wa karavani ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, wenyewe wanaita faibaglasi, na kwamba haushonwi wala haupigwi misumari. Unaparuza pembeni mwa tundu kwa msasa mpaka pawe pamekwaruzika, unalaza kitambaa cha nyuzi, unapaka gundi iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha, unalaza kingine, unapaka tena. Alinifundisha asubuhi moja akaenda zake kwenye magari. Mengine nilijifunza kwa kukosea.

Vumbi la ule msasa ni upupu. Liliingia shingoni, kwapani, ndani ya kope. Jioni mama alinipaka samli mwili mzima na bado nilijikuna. Halafu kukaja baridi ya Ufipa, ile ya Juni na Julai inayoukausha mdomo mpaka ukichekeshwa unatoka damu, na gundi ikagoma kuganda. Ilibaki inanata kama ugali usioiva. Nikaanza kufanya kazi saa za mchana tu, jua linapokuwa juu, na siku za mawingu niliingiza jiko la mkaa ndani, mlango wazi, nikakaa napepea ukuta kwa ungo mpaka ugande. Wafanyakazi wa kambi walikuwa wanapita wakiniuliza kama yai limekaribia kutotoa. Niliwajibu wasubiri, watamwona kifaranga.

Gundi yenyewe mwanzoni ilikuwa masalio ya kwenye kopo la fundi, ikaisha kabla sijamaliza hata paa. Wakati ule sabuni tu ilikuwa shida. Dukani kwa ushirika ulipanga foleni bila kujua unapangia nini. Gundi ya namna ile ungeipata wapi? Nikakata tamaa, nikafunika tundu kwa turubai. Mume wangu alikuwa amekwenda Sumbawanga kwa kazi. Aliporudi, alishusha kwenye gari makopo ya gundi, chupa ya dawa yake, bunda la kitambaa cha nyuzi na rangi nyeupe, bado vimefungwa. Nilimuuliza amevitoa wapi. Akasema, "Nimehangaika."

Nililia. Nasema ukweli, nilikaa juu ya kopo la rangi nikalia kwa furaha, kwa sababu mtu hakuhangaikii hivyo kama hakupendi. Ule usiku mmoja kwa mwezi katika chumba cha mjini na ile miaka ya furushi la nguo, vyote nikavifuta kwa sababu ya makopo yale.

Kuanzia hapo nilifanya kazi bila kuangalia pembeni. Nilimaliza paa. Niliziba nyufa za pembeni, nikazisugua mpaka ukipitisha kiganja huoni palipokuwa na ufa. Fundi aliunga ekseli na kuifunga fremu mpya chini. Nilipaka rangi mara mbili ndani, mara mbili nje. Nilijaza magodoro mawili kwa maganda laini ya mahindi. Kisha nikachukua kitenge nilichopewa na mama siku ya harusi, cha maua ya njano, ambacho nilikuwa sijakivaa nikisubiri siku ya maana, nikakikata nikashona mapazia. Mama aliponiona nakikata alishika kifua. Nikamwambia siku yenyewe ndiyo hii.

Mume wangu alipokuja kukagua alifungua kila mlango wa kabati. Akapanda kitandani na viatu, akashuka, akasema imependeza kuliko alivyotarajia. Akaniambia kiongozi mmoja wa mkoani angekuja kutembelea barabara wiki ile, hivyo niisafishe vizuri, tusije tukaaibika. Mimi mwenyewe nilitaka ionekane. Nilifagia hadi chini ya mawe, nikaweka maua ya porini kwenye kopo mezani.

Siku hiyo kambi ilijaa watu. Wananchi waliitwa, mjomba akaja na wale waliobeba, mama akaja na khanga yake ya kanisani. Mpishi alichinja mbuzi. Mimi nilipewa kazi ya kuwanawisha wageni mikono, na nilikuwa nimeshika birika na beseni mume wangu aliposimama kuhutubia. Alizungumzia madaraja, mifereji, changarawe. Kisha akageuka kuielekea karavani.

"Ndugu kiongozi," alisema, "sisi wafanyakazi wa kambi hii, pamoja na wananchi wa hapa, tumeitengeneza nyumba hii kwa kujitolea. Kuanzia leo ni ya wageni wa mkoa."

Watu walipiga makofi. Makofi ya wakati ule yalikuwa yanajipiga yenyewe. Ukisikia neno kujitolea, mikono imeshakutana. Mimi yangu ilikuwa imeshika birika. Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama mume wangu nikitaka anitazame, atoe hata ishara ya jicho kwamba ni maneno ya mbele za watu, tutayasawazisha baadaye. Alikuwa anamtazama mgeni.

Kiongozi akasimama. Alikuwa mtu mwenye maneno mazuri, na sina ugomvi naye, maana yeye hakujua lolote. Alisema amefurahi kuona ahadi inatimizwa. "Mwenzenu huyu alinijia nyumba hii ikiwa bado bondeni, imezama matopeni," alisema. "Akaniambia, nitafutie gundi na rangi, nitakuletea nyumba. Nikaagiza vikaletwa. Leo ameniletea nyumba."

Ikiwa bado bondeni. Maji ya birika yalinimwagikia miguuni na sikuhisi. Kabla sijaloweka ulezi. Kabla mama hajafungua ghala. Alinishika bega pale matopeni akaniambia hutalala peke yako tena, halafu akapanda gari akaenda kuiuza ahadi yake kwa mtu mwingine, akarudi kuniambia nipike pombe. Na yale makopo niliyoyakalia nikalia, hakuhangaika nayo hata kidogo. Alipewa.

Kiongozi aliingia ndani, akatoka akitabasamu, akauliza mapazia mazuri yale kashona nani. Mume wangu akajibu, "Kina mama wa kambi."

Kambi ile haikuwa na mama yeyote. Palikuwa na mimi, ninayekuja asubuhi na kuondoka jioni kwa sababu siruhusiwi kulala, na mbuzi jike, ambaye naye alikuwa ameshaliwa.

Kisha wakamwomba mjomba aseme neno la shukrani kwa niaba ya wananchi. Alisimama taratibu, akavua kofia. Sauti yake ya kuita ng'ombe hakuitumia. Alizungumza kama mtu anayeulizia njia. "Sisi tulikunywa pombe ya binti yetu huyu," alisema. "Kazi tulimfanyia yeye. Kama ameamua kuwapa, ni vizuri. Lakini aseme mwenyewe."

Watu wote wa Kate waligeuka kunitazama, kwa sababu wote walijua mjomba amesema lililo kweli. Kiongozi naye akageuka, uso wake una adabu, akauliza, "Mama, unasemaje?"

Hapo ndipo mume wangu aliponitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuomba. Alinitazama kama mtu aliyeshika kikombe ukingoni mwa meza, anasubiri kuona kama mwenzake atakisukuma. Alijua mimi nimelelewa wapi. Alijua mwanamke wa kwetu hamvui mume wake nguo mbele ya mgeni, na mama yangu mzazi yuko pale na khanga ya kanisani. Alikuwa ameliweka hilo kwenye hesabu zake tangu bondeni, pamoja na ulezi na mabega ya wajomba zangu.

Nikasema, "Karibuni."

Makofi yakarudi. Mjomba alivaa kofia yake akaondoka bila kula, na wenzake waliobeba wakamfuata mmoja mmoja. Mama alikuja akanipokea birika, akaendelea kuwanawisha wageni yeye, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta.

Nilimuuliza mume wangu kesho yake, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Nilimuuliza neno moja tu, kwa nini. Alinieleza kwa utulivu mwingi, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Alisema mtumishi kuonekana na nyumba ya kizungu ya kutembea nayo, watu wangesema ubwanyenye umeingia kambini. Alisema hawezi kuzeekea kwenye hema. Alisema amefanya hivyo kwa faida yetu sisi wote wawili. Nilimwambia angeniambia kabla sijakata kitenge. Akasema angeniambia, nisingeitengeneza vizuri vile. Hilo nalo lilikuwa kweli, na alilisema bila haya.

Karavani ilikuja kuchukuliwa na Landrova. Haikuhitaji mabega ya mtu yeyote. Ekseli ya fundi ilikuwa imara na fremu haikulia. Dereva aliniuliza kama kuna cha kutoa ndani. Niliingia. Nilifikiria kuyatoa mapazia, nikayashika kabisa, lakini yalikuwa tayari vipande vya dirisha, huwezi kuvaa. Nikayaacha. Nilichungulia mara moja kupitia kile kijidirisha cha jikoni, nikashuka, nikamwambia hakuna kitu.

Barua ya uhamisho ilifuata kabla mvua hazijaanza. Mume wangu alirudishwa Mbeya, ofisini, penye meza na kiti. Alikuja kwa mama kuniaga, kwa kuwa cheo kilikuja kabla ya nyumba na yeye angelala kwa rafiki kwanza. Tulikaa uani. Akasema, "Nikipata nyumba nitakuita."

Nikamwambia, "Nyumba nilishakupa."

Akaniuliza lori la Sumbawanga hupita saa ngapi.

Aliniita baada ya mavuno, nikaenda. Watu huniuliza kwa nini nilikwenda, hasa mabinti zangu, ambao wanadhani ndoa ni basi unalosimamisha popote. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa mke wake, na nilikuwa bado nataka watoto, na kumkasirikia mtu hakukuzuii kumtaka. Nimempikia, nimemzalia, nimemuuguza. Alikuwa baba mzuri, hilo nalisema mbele ya yeyote. Lakini katika nyumba zote za serikali tulizoishi, sikuwahi kuziba kitu. Bati likivuja niliweka beseni. Kioo kikipasuka niliweka kipande cha boksi, na kikilowa nilikiacha kilowe. Majirani waliniona mvivu, na mimi sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Nyumba ya mwisho ilikuwa na tangi kubwa la maji nyuma ya jiko, la faibaglasi. Kiangazi kimoja likapata ufa, maji yakawa yanaisha kabla ya jioni. Yeye alikuwa amekaribia kustaafu, nywele zimeshakuwa nyeupe. Alihangaika nalo mwenyewe, safari hii kweli alihangaika: akapaka saruji ikabanduka, akapaka lami ikayeyuka. Mwishowe akaenda mjini akarudi na kopo la gundi, chupa ya dawa yake na kitambaa cha nyuzi, akaja navyo hadi jikoni nilipokuwa nachambua mchicha. Akaviweka mezani mbele yangu. Nilijua anakumbuka, maana kopo lilikuwa la aina ileile.

"Wewe ndiye unayeijua kazi hii," akasema.

Niliendelea kuchambua mchicha. Nikamwambia, "Waite kina mama wa kambi."